Avjo, Muzee Jivan

Goma, siku ya yenga, Jumapili, mwezi wa saba.
Ni miezi minne tangu ulipovuka bariyeri ya mpakani. Ni miaka kumi na tisa tangu mimi nilipotoka Lubero.

Muzee Jivan,

Ni mimi Kambale, msukuma chukudu wako, yule wa mbao za magurudumu mawili. Unajua niliishia darasa la nne, basi usicheke mwandiko. Wafu wetu tunawazika, tunajua pa kwenda kulia. Wewe walikuchoma kule Kampala, na majivu, mwanao Kirit aliniambia, yakatiwa majini. Nilimuuliza maji gani. Akasema hata akinitajia sitafika. Basi nimekaa juu ya chukudu mbele ya duka, ninaandikia pajani.

Duka lingalipo, lakini rafu ziko tupu. Kirit alikuja ili auze vikwembe vyote vya kitenge, kisha ampe mnunuzi wa duka funguo. Yule anataka kubomoa ajenge hoteli. Marobota niliyatoa mimi, kwa mgongo huu, na nilikuwa na hasira, nakuambia ukweli. Babu yake Kirit ndiye aliyefungua duka hapa. Volkano ikalifunika duka lake, nawe ukajenga la kwako juu ya mawe yale yale, bado yana joto, ukituchekesha: "Ya baba iko chini, yangu iko juu. Sasa Jivan iko na etaje, nyumba ya gorofa!"

Unakumbuka siku yangu ya kwanza? Nilishusha mzigo, nikageuza chukudu niende. Ukaita kwa lugha yenu, "Avjo!" nikadhani ninaitwa. Nikarudi. Wewe ukaendelea kupima kitambaa. Nikaondoka. "Avjo!" Nikarudi tena. Mara ya tatu ukapiga meza: "Kambale, uko na wazimu? Ninakuaga!" Wamama wa mtaa wa Mapendo walicheka mpaka wakaketi chini. Ndipo ukanieleza kwamba kwenu Wahindi mtu haambiwi nenda. Anaambiwa njoo, maana yake urudi tena. Tangu hapo mtaa mzima ukawa unaagana hivyo, hata wale waliokuja kushikashika vitambaa tu bila kununua.

Kuna watu hukuwaambia. Waliokuja kuchukua kitambaa cheupe cha maiti. Hicho hakikuwa cha kuuza, tangu enzi za baba yako, awe Mnande, awe Muhunde, awe mtu wa kambi ya wakimbizi asiyejulikana. Ulikipasua kwa mikono, bila makasi, ukakikunja, ukasema kwa sauti ndogo, "Enda, mama. Usirudi kwa hii." Kwao avjo ingekuwa laana.

Sasa nisikilize, hili ndilo linaninyima raha. Siku ulipovuka kwenda hospitali, valizi yako ya nguo ilikuwa juu ya chukudu yangu. Kwenye bariyeri uliegemea bega langu. Ulikuwa mwepesi, Muzee, mwepesi kama robota lililokwisha. Nikataka kusema avjo. Likatoka lingine. Nikasema, "Uende muzuri, Muzee." Enda. Neno la kitambaa cheupe, nikakuambia wewe ukiwa hai. Uliniangalia. Ulilisikia, najua ulilisikia. Ukanishika kichwa, ukavuka. Wiki mbili hazikuisha.

Sikumwambia mtu.

Siku ya tano ya juma lililotangulia hili, Ijumaa, aliingia mama mmoja kutoka kambi ya Mugunga, amebeba kandambili mkononi. Mtoto wake alikufa asubuhi. Rafuni lilibaki robota moja tu, lile jeupe, mnunuzi alikuwa amelitaka pia. Nilisimama pembeni nione Kirit atafanya nini. Akalishusha mwenyewe. Akatafuta makasi, hakuyaona, akapasua kwa mikono. Muzee, ile sauti! Niligeuka nikidhani ni wewe. Akamkunjia, akampa kwa mikono miwili, na kwa heshima yote akasema, "Avjo, mama."

Yule mama akasimama mlangoni. "Nirudi? Nirudie kifo kingine, mutoto ya Muzee?"

Kirit hakuelewa. Shule ilimlea mbali, neno analijua, namna yako ya kulitumia haijui. Nikamtoa mama nje, nikamwomba msamaha, nikamsindikiza hadi njia ya kwenda Sake. Niliporudi nikamweleza Kirit nani anaambiwa na nani haambiwi. Nikajikuta ninamweleza na ya bariyeri. Aliketi juu ya robota jeupe, akalia kama mtoto, nami nikalia. Kisha akasema, "Kambale, baba alinisimulia kwenye simu. Alisema: Kambale amenipa kitambaa yangu kabla ya wengine wote, na hakunidanganya."

Sijui kama alisema kweli au alinihurumia. Nimeamua kuamini.

Siku ya kwanza iliyofuata, Jumatatu, mnunuzi alipokuja, Kirit alimwambia asubiri. Si kwamba amekataa kuuza. Amevuka jana kwenda kumuuliza mama yake, na funguo ameniachia mimi, ziko shingoni na rozari. Kwenye bariyeri nilimpigia kelele neno lako mbele ya askari. Akaitika vilevile, mara mbili.

Mimi kesho ninapanda lori, nipite Rumangabo, nifike Lubero njia ikiruhusu. Mama yangu hajaniona tangu nilipoondoka, sitaki kumkuta katika kitambaa cheupe. Robota nimelikabidhi kwa mama muuza maandazi hapo mbele, akitokea mtu ampasulie. Nimemfundisha cha kusema.

Nakuahidi, kabla mwezi haujaisha, siku ya posho, Jumamosi, nitakuwa nimerudi, na mlango huu nitaufungua saa mbili, hata kama ndani hakuna kitu.

Na lile neno nililokunyima, lipokee.

Avjo, Muzee. Avjo.

Kambale wako