Mlango wa Choo cha Wasichana

Jumanne, Litapunga. Moshi wa mashamba yanayochomwa umeziba jua tangu asubuhi, na moyo wangu umefanana na hewa ya leo.

Nimerudi zahanati na mjukuu wangu Kabula, wa darasa la sita. Ni U.T.I. tena. Nesi alimuuliza kama anakunywa maji. Akanitazama kwanza mimi, ndipo akajibu: "Nyumbani nakunywa. Shuleni hatunywi."

Hatunywi. Maana yake si yeye peke yake.

Choo chao hakina mlango. Ulikuwepo. Mwaka huu wazazi tulichanga mahindi ili watoto wapate makande mchana, kamati ya shule ikaogopa wezi. Stoo ilikuwa wazi, basi wakaung'oa mlango wa choo cha wasichana wakaupigilia huko. Wakatundika khanga chooni. Wavulana wakaifunua siku hiyo hiyo. Tangu hapo wasichana hujinyima maji toka alfajiri, wasije wakabanwa wakiwa shuleni.

Mtanisamehe wasomaji, ualimu haustaafu. Maji ndiyo yanayosukuma vijidudu vitoke na mkojo. Yasipokuwepo, au mkojo ukibanwa kutwa nzima, vijidudu hubaki na kuzaliana. Kichwa nacho huanza kuuma, na kichwa kinachouma hakishiki sehemu wala desimali. Kabula alikuwa anaongoza hesabu darasani. Siku hizi anasinzia, na anachapwa kwa kusinzia.

Mchana nilimwendea mwenyekiti wa kamati. Alinipa kiti, akacheka.

"Mzee wangu, aibu ilishaua mtoto gani? Njaa ndiyo inaua. Na makande mliyataka nyie wenyewe!"

Ni kweli tuliyataka. Utoro umepungua, nimeona kwa macho yangu.

Nikamwambia nitaung'oa mlango wa banda langu la kuku, niulete.

"Ulete tu, mwalimu. Ila utaanzia ofisi ya mwalimu mkuu. Nayo haina."

Nilitembea kurudi nyumbani taratibu, sina hasira, nimechoka tu. Kila mtu pale ana sababu nzuri. Mwenye kuugua ni mtoto.

Kabula amemeza dawa, amelala mapema. Asubuhi atasimama mbele yangu na sare yake, asubiri niseme neno. Nesi ameagiza anywe maji mengi, mchana kutwa.

Nimwambie anywe, au nimwambie avumilie?