Siku Uliposhikana na Baba Uwanjani

Baba Zuhura mpendwa,

Naandika bila kujua karatasi hii itakukuta wapi. Tangu siku ile Wajerumani walipowapandisha kwenye behewa mkabebe mizigo ya vita, kila mmoja na kamba ya mzigo begani, sijapata mtu aliyekuona kwa macho. Jirani mmoja aliyerudishwa kwa ajili ya mguu mbovu alisema mlitengana njiani, wao wakaelekea kusini na ninyi mkabaki mkisubiri mizigo ya askari. Basi nakuwaza uko hapo hapo, umekaa juu ya gunia, nami nakusogelea nikusimulie.

Baba yangu amefariki. Homa ilimshika mvua zilipokatika, ikamla taratibu. Tulimzika ndani ya zizi lake kama alivyotaka. Wazee waliokuja msibani walikaa, kisha mmoja akaanza yale yale unayoyajua, na wengine wakamfuata. Hata kaburi halijakauka walikuwa wanabishana: Ndahani wa siku za misafara, yaani baba, na Bakari wa siku za reli, yaani wewe, wangekutana katika mieleka wote wawili wakiwa vijana, nani angelala chini?

Nilicheka, mume wangu. Nililia pia, lakini kwanza nilicheka.

Wewe uliyakuta mabishano hayo hapa, mimi nilizaliwa ndani yake. Nikiwa mdogo, shangazi alikuwa akinisimulia jinsi wapagazi wa Unyamwezi walivyotua Ugogo kuomba maji, na jinsi kila msafara ulivyokuwa na mtu wake wa mieleka, mwenye shingo nene na majivuno mengi. Baba alikuwa akiitwa kisimani. Anafika polepole, anaweka mkuki wake chini, anamshika mgeni kiunoni, na watu kabla hawajakaa vizuri mgeni anatazama mawingu. Hakuna aliyewahi kumwangusha. Misafara ilipokoma na Wajerumani wakaleta reli, bega lake lilikuwa limeshaharibika na magoti yanamuuma, lakini jina lilikuwa bado linasimama.

Ndipo ulipokuja wewe kutoka Kondoa. Walisema kuna Mrangi anayebeba taruma la chuma, lile la kulazwa chini ya reli, peke yake, tena anatembea nalo akiongea na wenzake. Siku za mapumziko uliwaangusha Wanyamwezi, ukawaangusha Wasukuma, ukamwangusha na askari mmoja aliyekuja kwa kiburi. Vijana wa Makole wakaanza kusema Ndahani angekuwa mtoto mikononi mwako. Wazee wakakasirika. Pombe ya mtama ilikuwa hainyweki bila ninyi wawili kupiganishwa mdomoni, wewe na mtu ambaye hukuwahi hata kumwona.

Nakumbuka asubuhi uliyokuja nyumbani. Nilikuwa natwanga uwele mbele ya tembe. Uliinama mlangoni maana ulikuwa mrefu kuliko mlango, ukasalimia kwa Kigogo kilichopinda, "Mbukwa, baba," kisha ukaongeza shikamoo kama mtu anayeogopa salamu moja haitoshi. Baba akaitikia zote mbili. Akakuuliza unataka nini. Ukasema, "Nimechoka kushindana na mtu nisiyemjua. Nimekuja nimjue."

Baba akaniambia nilete maziwa. Mlikaa mpaka jua likawa kali. Hamkuzungumza mieleka kabisa. Mlizungumza ng'ombe, na maji, na jinsi udongo wa Kondoa unavyobebwa na mvua. Ulipoondoka baba alisema mikono yako ni mikubwa lakini unakunywa taratibu, na kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kuaminiwa karibu na mifugo. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Ukawa unakuja mara kwa mara. Nilijua si kwa ajili ya baba peke yake, na wewe ulijua kwamba ninajua.

Halafu yule msimamizi Mzungu wa kambi yenu ya reli akasikia mabishano. Sitasahau sura ya akida alipokuja kutuambia. Alisimama mbali na mlango, akasema bwana ameamuru Ndahani na Bakari washikane uwanjani kule Msalato, siku ya sherehe ya mfalme wao, mbele ya wageni wake. Mshindi atapewa beberu. Atakayekataa atalazwa chini apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, awe mzee awe kijana. Baba aliuliza kama bwana anajua umri wake. Akida alitazama chini na kusema bwana anajua, na ndiyo maana anataka kuona.

Ulikuja mbio jioni hiyo hiyo, vumbi la reli bado mwilini. Ulimwambia baba utaanguka. Utateleza mapema, wacheke, yaishe. Sikuwahi kumwona baba akikasirika vile. Alisema, "Ukianguka kwa kunihurumia, usirudi tena hapa kwangu. Nishike kama unavyowashika wengine." Ulinitazama mimi, kana kwamba ningeweza kukusaidia. Nilikuwa namwogopea baba, na nilikuwa nakuogopea wewe.

Siku yenyewe unaijua, lakini wewe ulikuwa ndani, mimi nilikuwa nje, acha nikueleze nilichokiona. Wazungu walikaa kwenye viti chini ya turubai. Watu walitoka vijiji vya hapa karibu, Kikuyu na Makole, na vijiji vya mbali; wapo waliokuja na watoto mgongoni. Baba alivua nguo yake ya juu, nikaona jinsi bega lake lilivyoshuka upande mmoja. Kuna mgeni wa bwana aliyecheka. Wewe ulikuwa umesimama kama nguzo, unang'aa kwa jasho kabla ya kuanza, na wale vijana waliokuwa wakikusifu kila siku hawakuthubutu kukushangilia.

Mkashikana viunoni. Nilifumba macho nikisubiri kishindo. Kishindo hakikuja. Nilipofumbua mlikuwa mmeegemeana, kichwa chake begani kwako, miguu imechimba mchanga. Hamkusogea. Misuli ilikuwa inacheza migongoni mwenu, pumzi zenu zilisikika mpaka tulipokaa wanawake, lakini hakuna aliyekwenda mbele wala nyuma. Msimamizi akapiga kelele. Akasimama, akakaa, akasimama tena. Kivuli cha turubai kilihama na ninyi mko pale pale. Wazee wakaanza kuguna kwa sauti ya chini, ile ya kuwatuliza ng'ombe, na vijana wakaipokea, hata uwanja mzima ukawa unanguruma. Wageni wakachoka na jua. Mwisho bwana akatupa mkono, akaenda zake, na akida akamchukua beberu.

Mlipoachiana baba aliyumba, ukamshika kiwiko kama mtu anayemsaidia mzee kuvuka korongo. Hakuutoa mkono wako. Mlirudi hivyo hivyo mpaka nyumbani.

Ulipoleta posa, ndugu zangu walikuwa na maneno mengi kuhusu kabila na dini. Baba hakuuliza lolote katika hayo. Aliuliza kama huko kwenu Kondoa kuna kisima karibu, kwa sababu hakutaka binti yake atembee mbali; ukamjibu tutakaa hapa hapa kwake.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikae na kalamu. Nilipokuwa na Zuhura tumboni, uliniambia siri moja na ukaniomba isifike kwa baba. Ulisema mlipokuwa mmeshikana ulilisikia goti lake likitetemeka dhidi ya paja lako. Kumsukuma kidogo tu kungetosha. Ulisema, "Nilimbeba, Madeje. Hakujua, lakini nusu ya uzito wake ilikuwa juu yangu." Nilikutunzia. Muda wote mliokaa mkila sahani moja sikusema.

Lakini baba alipokuwa mgonjwa, siku moja homa ilimpa nafasi, akaomba nimkalishe mlangoni aone ng'ombe wakitoka. Akaniuliza habari zako. Nikasema hakuna. Akatikisa kichwa, kisha akaniambia kwamba siku ya Msalato mguu wako wa kushoto ulikuwa umekaa vibaya. Ulikuwa umeuweka mbele mno, kwa hofu ya kumuumiza. Ngwala moja ndogo, kukutega mguu tu, ungekuwa chini, yeye awe na bega bovu au zima. Nikamuuliza mbona hakupiga. Akasema, "Wale watu walikuja kumcheka mmoja wetu. Mimi nilishazeeka, wangenisahau. Yeye wangemcheka kila siku kule kwenye reli." Kisha akasema nisikuambie yeye akiwa hai, maana wewe ni kijana na vijana wanapenda kujua kwamba walisimama wenyewe.

Nilimshika mkono. Ulimi ulikuwa unataka kumwambia ya kwako, lakini nilikuwa nimekuahidi. Baadaye homa ilirudi, na nafasi haikupatikana tena.

Kwa hiyo wazee wanapobishana, mimi nawapakulia ugali na mlenda na kunyamaza. Nani angeshinda mngekutana wote na miaka ishirini na nguvu zenu zote? Sijui. Ninachojua ni kwamba mlipopewa nafasi ya kuangushana, kila mmoja aliiona, na kila mmoja akaiacha ipite ili amsitiri mwenzake. Mkaishi nyumba moja kila mmoja akidhani ni yeye aliyetoa.

Hapa kwetu mambo si mazuri. Watu wa Kondoa wanapita na vyombo vichwani wakikimbia vita, nami natazama kila uso nikitafuta mtu wa kwenu. Ng'ombe wengi wamechukuliwa kulisha askari. Zuhura ameanza kusema maneno, Kirangi kidogo, Kigogo kingi. Anamwita kila mwanamume mrefu baba, na inabidi niwaombe radhi.

Baba aliondoka bila kujua ulimbeba. Siwezi kukubali wewe nawe uondoke bila kujua kwamba naye alikubeba. Huko uliko, mzigo ukikuelemea na miguu ikianza kutetemeka, jua kwamba mtu aliyekuwa na nguvu kuliko wote katika nchi hii alikushika mikononi mwake mbele ya watu wote, akakupenda, akakuacha umesimama.

Simama basi, mume wangu. Simama mpaka nitakapokuona.

Mimi mkeo,
Mama Zuhura