Siombi Radhi kwa Kuwatetea Chipukizi

Jumapili, Julai

Wala sijutii. Mama anataka kesho nimpigie simu baba mdogo, nimwombe radhi kwa kubishana naye mbele ya wageni. Sipigi.

Baada ya kanisa tulikwenda kwake, hapa hapa mjini DeSoto. Wanaume walikuwa wakibishana kama timu yetu ya besiboli iwatoe wachezaji chipukizi watatu kwa timu nyingine ili impate mrusha mpira mmoja maarufu. Baba mdogo akasema, "Wauzwe hata leo! Vitoto vile vimeshinda nini?"

Nilikuwa nimepeleka chai tu. Mimi, ambaye hata darasani sinyooshi mkono, nikasikia sauti yangu: "Baba mdogo, umewahi kuwaona wakicheza?"

Mzee mmoja akacheka. "Jibu basi, bwana!"

Baba mdogo akageukia chai yake. Mimi habari zao nazisoma gazetini kila asubuhi. Yule anayerusha kwa mkono wa kushoto ana miaka kumi na tisa tu, na tayari watu wamechoka kumsubiri akomae.

Naogopa Mama atanuna wiki nzima. Anune. Jumapili ijayo nitampa baba mdogo shikamoo yake kwa heshima zote, halafu nitamuuliza tena.