Dakika Tatu za Mlimani

Dada,

Mzima nipo, mgongo tu unalalamika kuliko lori lenyewe. Tajiri bado amefungia pasipoti yangu kabatini. Nikimwuliza, ananijibu, "Kesho." Kesho yake haifiki.

Nilitaka kukwambia jambo. Kila asubuhi nikipanda mlima, redio ya lori hukamata stesheni ya nyumbani kwa dakika tatu. Mwezi uliopita walikuwa wakisoma matangazo ya vifo. Wakamtaja baba, kisha watoto wake, nami nimo: "dereva, yuko mbali."

Barua yako ya juzi bado inasema mzee ananisalimu. Sikulaumu, ulijua siwezi kutoka huku. Ila nilipoanza kuteremka redio ilikatika, na lori haliruhusiwi kusimama. Niambie tu, dada: mlimzika siku gani?

Kitindamimba wenu