Mustari wa Siku ya Mungu

Bukavu, Nyalukemba

Maman wangu mupenzi,

Jambo sana. Goti yako inaendelea namna gani? Na Papa, kikohozi ilimuacha? Miye niko muzima. Baridi ya asubui tu njo inanisumbua, siye watu wa Kindu hatuizoee.

Maman, karibu wanifukuze kazi! Unajua kwa usine ya maji, kwenye wanasafisha maji ya muji, miye njo nachungaka mashini siku ya Mungu, juu wengine wanaenda misa. Basi shefu wetu, Papa Deo, akaniita: "Neema, kila siku ya Mungu dawa ya kuua vidudu inapunguka mu maji ya watu. Unalalaka! Mutu akiugua tumbo, ni weye." Eh, nililia. Nikamwambia: "Papa, basi tufungue ordinatere tuangalie ya zamani."

Kuko mashini yenye kupima dawa mu maji saa zote, na ordinatere, ile kompyuta ya kazi, inachunga vipimo vyote, inavichora kama mustari. Papa Deo akarudisha nyuma, nyuma, mpaka wakati miye nilikuwa ningali kwetu Kindu. Kumbe! Kila siku ya Mungu, hata zenye yeye mwenyewe alikuwa kazini, mustari unashuka saa ile ile: misa ya kwanza ikitoka. Muji muzima unarudi nyumbani, unafungua robine za maji pamoja, kupika, kufua, kuogesha watoto. Dawa ni ile ile, maji njo inakimbia mingi, kama chumvi ya chungu kidogo ukiitia mu chungu kubwa. Maman, mwili ilinisisimuka. Bukavu yote ilikuwa pale inarudi kwao, na hakuna hata mumoja mwenye kujua kama tunamuona. Mungu ni mukubwa!

Tukaendelea nyuma. Tukafika siku moja ya Mungu, mustari umenyooka tu.

"Na hii?" nikauliza.

Papa Deo akavua kofia. "Hiyo siku masasi ya bunduki ilikuwa inalia. Misa haikukuwa. Hakuna mutu alitoka."

Kisha akasema, polepole: "Nisamehe, mwanangu. Baki kwa kazi yako. Ila kengele ya kanisa ikilia mwisho ya misa, ongeza dawa mbele watu wafike nyumbani."

Siku ya Mungu yenye ilipita nikafanya vile. Kengele ikalia, nikaongeza, mustari ukabaki umenyooka, muzuri kabisa. Badala ya kufurahi, nikakumbuka ile siku ya masasi, woga ikanishika. Nikaacha kiti, mbio mpaka kwa mulango kubwa ya inje.

Walikuwa wanakuja! Wamaman na vikwembe vyao, watoto na viatu mu mukono, wanalalamika padiri alirefusha mahubiri. Nikawasalimia wote, hata wenye sijue. Wakaniitika.

Unisalimie Papa, na dada Zaina mwenye kukutunza, na tonton Kasongo, mujomba wangu wa baisikeli, mwambie apunguze kelele ya kengele yake. Mungu awachunge wote pale nyumba.

Miye binti yako mwenye angali na kazi,
Neema