Kichwa cha Mmbone

Mulembe, Baba.

Mjukuu wako amesoma. Najua si habari ya kumwamshia mtu kaburini, mtoto wa gredi ya nane kusoma kitabu. Lakini jana baada ya chai ya saa nne Mmbone alikaa barazani akasoma kurasa sita bila kufumba jicho, bila kushika paji la uso, na alipomaliza akaniuliza kama ndizi zimebaki. Niliingia jikoni nikalia kwanza, ndipo nikamletea ndizi.

Ndiyo maana naandika. Miezi miwili na zaidi nimekuwa nikigombana na wewe peke yangu, nikiteka maji, nikipalilia mahindi, na wewe huna nafasi ya kujibu. Hiyo si haki, hata kama wewe mwenyewe ulikuwa na kawaida ya kuninyima nafasi ya kujibu. Leo nitakueleza yote, mwanzo hadi mwisho, halafu tuyamalize.

Unakumbuka ulivyonikabidhi timu. Ulinipa filimbi mbele ya walimu wote ukasema wasichana hawa sasa ni wako, Imali, na usiwadekeze. Sijawadekeza. Nimewafundisha vile ulivyonifundisha mimi. Mtoto akianguka, mwagia kichwa maji baridi kutoka kwa jerikeni, muulize jina lake, akilijua, arudi uwanjani. "Maji kidogo, turudi kazini." Hata wasichana ambao hawakukukuta wanayajua maneno hayo, kwa sababu mimi nayasema kwa sauti yako.

Basi siku aliyoumia mjukuu wako tulikuwa tunacheza na majirani zetu wa ng'ambo ya mto, wale waliokuwa wakikukosesha raha. Mmbone alikuwa golini. Mpira ukaja chini chini upande wa kushoto, akajirusha, akaufikia, na kichwa chake kikafikia mlingoti. Milingoti yetu bado ni ile ya mkaratusi uliyoisimamisha wewe. Nilisikia mlio nikiwa karibu na katikati ya uwanja. Nikakimbia na jerikeni, nikammwagia, nikamuuliza jina. Akasema Mmbone. Nikampiga begani nikamrudisha golini.

Mimi, Baba. Mama yake mzazi.

Haikupita muda, ukaja mpira ambao hata kuku angeudaka. Ukabingirika pembeni mwake hadi ndani, naye akautazama tu. Watu wakacheka. Mimi nilimfokea hadi sauti ikakauka. Mechi ilipokwisha akaniuliza nani ameshinda, nikamwambia, na tulipokuwa tunakusanya jezi akaniuliza tena. Wenzake wakamtania kwamba amepoteza akili kwa aibu. Tukaanza kwenda nyumbani kwa miguu, na kabla ya kufika kwenye kinu cha kusaga akashika uzio wa watu akatapika. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Tulichukua bodaboda hadi hospitali. Wakampiga picha ya kichwa, wakasema hakuna damu, mfupa mzima, ila ubongo umetikisika. Apumzike, asicheze, tukiona dalili fulani tumrudishe mbio. Wakanipa karatasi yenye maelezo. Nilisikia "hakuna damu" na masikio yangu yakafunga hapo. Ile karatasi nikaitia kwenye mkoba nikaisahau.

Sasa sikia tulichofanya, na usinicheke. Jumapili, baada ya ibada, Baba Mdogo Lumbasi alikuja na isukuti. Ngoma zote tatu. Unamjua ndugu yako, akisikia mtu wetu ametoka hospitalini hawezi kuja mikono mitupu, na kwake yeye mikono mitupu ni mikono isiyo na ngoma. Nyuma yake kanisa zima, wamama wanapiga vigelegele, watoto wanaruka. Walikuja kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto. Nani atasimama mlangoni kwake awafukuze watu walioleta ngoma kwa upendo? Hapa kwetu ungebaki unasemwa hadi wajukuu. Nami sikusimama mlangoni. Nilicheza, Baba. Nilitikisa mabega hadi kitambaa kikanidondoka, na Senge Rasoa dada yako akanitunza kwa kunizungushia leso kiunoni.

Nilipoingia ndani kumletea Mmbone soda, sikumwona kitandani. Alikuwa amejiingiza chini ya kitanda, amekunja magoti, ameziba masikio kwa mikono yote miwili, na machozi yanamtoka bila sauti. Hakutaka kuwaaibisha wageni. Nilirudi nje nikamshika Baba Mdogo mkono ulipokuwa juu ya ngoma, na watu wote uani wakanigeukia. Nikamwambia mtoto anaumia. Alikasirika kidogo, sikufichi. Ila aliiinua ngoma yake akaenda, na wengine wakamfuata.

Kuanzia siku hiyo mambo yakaharibika. Mwanga ulimuumiza. Harufu ya mafuta ilimuumiza. Akifungua kitabu mistari inacheza. Alisahau jina la jirani aliyemlea. Mtoto niliyekuwa nikimkaripia kwa kucheka sana, akaanza kulia kwa sababu chumvi imezidi kwenye mboga ya mrenda. Mimi nikaona dawa ni giza, nikatundika blanketi dirishani, nikamkataza marafiki, nikamkataza hata kutoka uani. Wiki tatu nzima alikaa humo. Huku shuleni mwalimu wake wa darasa akaniambia kwa upole kwamba watoto siku hizi wakionja kulala nyumbani hawataki kurudi. Na nitakuambia ukweli kwa sababu wewe ni marehemu na hutamwambia mtu: nami nilianza kumshuku. Nilimtazama pale kitandani nikajiambia, huyu anajidekeza.

Sijui ningefika wapi kama Sista Ayuma asingekuja. Ni muuguzi, mwanamke mfupi wa maneno machache, na viatu vyake vina matope ya kila kijiji. Yuko na watu wanaofanya utafiti juu ya watoto na vijana waliogongwa kichwa, shuleni, barabarani, popote. Wanawafuata nyumbani, wanawauliza maswali yaleyale kila wiki, wanaandika. Alinieleza kwamba mengi yanayojulikana kuhusu jambo hili yametoka kwa watu wazima na kutoka mbali, na wao wanataka kujua watoto wa hapa wanaponaje, wanaolala watatu kitanda kimoja na kutembea kwenda shule. Hospitali ndiyo iliyomwelekeza kwetu. Namba yangu niliiandika mwenyewe siku ile nikiwa sijui ninachoandika.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kulitoa lile blanketi dirishani. Alisema siku mbili tatu za kutulia zinatosha, lakini wiki tatu gizani zinamfanya mtoto augue upya, sasa augue na upweke. Kitu cha pili, aliniuliza ile karatasi iko wapi. Nikaitoa mkobani imekunjika, akaisoma kwa sauti mbele yangu na Mmbone. Yote yalikuwa humo, Baba. Kelele zilikuwemo, na kucheza siku hiyohiyo kulikuwemo, kwamba ni hatari kubwa, kwamba ubongo wa mtoto ukigongwa mara ya pili kabla haujapona, anaweza asiamke. Nilikaa chini kwenye sakafu. Nilimrudisha golini mimi mwenyewe.

Sista hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu, kwamba mimi je, nimecheza tangu lini, na niliwahi kugongwa?

Nikasema hapana. Halafu nikasema ndiyo.

Unaikumbuka ile mechi? Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Tuligongana vichwa na yule msichana mrefu, wewe ukaja na jerikeni, nikataja jina langu, ukanirudisha, na nikafunga bao ambalo watu walilizungumzia hadi soko la Lubao. Mimi silikumbuki bao hilo. Sijawahi kulikumbuka. Nililijua kwa kusimuliwa. Na muhula mzima uliofuata kichwa kiliniuma kila nikifungua kitabu cha hesabu, na ukasimama mbele ya darasa, wewe mwalimu wangu na baba yangu, ukasema, "Imali amekuwa mvivu." Nilianguka mtihani. Sikukuambia kichwa kinauma hata siku moja. Ungeniona mnyonge, na heri nionekane mvivu kwako kuliko mnyonge.

Nilimweleza Sista haya yote na Mmbone anasikia. Nilimuuliza kama ni kule kugongwa kichwa kulikoniangusha mtihani. Akaniambia waziwazi kwamba baada ya miaka yote hii hawezi kujua, ila niliyoyataja yanafanana sana na ya mwanangu. Basi. Hilo tu. Lakini unajua kubeba neno moja la baba yako miaka ishirini na sita, halafu mtu akuondolee kichwani mzigo huo kwa sentensi moja? Nililala mchana huo kama mtoto mchanga.

Nilipoamka ndipo nilipokukasirikia. Nilikukasirikia vizuri. Nilipita kaburini kwako na jembe bila kukusalimia, wiki nzima. Kisha nikamuuliza Sista kama enzi zako haya yalijulikana, akasema hata kwenye viwanja vikubwa duniani walikuwa wakimwagiana maji na kurudishana ndani, na waliosomea udaktari ndio waliowarudisha. Nikatulia kidogo. Tena ni nani niliyekuwa nikimhukumu? Wewe ulimrudisha binti yako uwanjani bila kujua. Mimi nilimrudisha wangu, ndani ya saa tatu nikapewa karatasi ya maelezo mkononi, na bado nikaenda kucheza ngoma.

Kazi ya kumponya ilikuwa ya polepole, nawe unajua polepole si kitu chetu. Kwanza kutembea hadi mtoni na kurudi. Akivumilia, shule nusu siku, akae mbele, apewe muda zaidi, hakuna mtihani. Mwalimu mkuu alikubali baada ya Sista kumwandikia, na mwalimu wa darasa alikuja nyumbani mwenyewe kuomba radhi, akiwa na kuku aliyefungwa miguu. Halafu kukimbia taratibu peke yake. Halafu mpira, bila kugongana na mtu. Ukipanda hatua na kichwa kikauma, unashuka hatua moja, unasubiri, unajaribu tena. Alhamisi tunakutana wazazi kadhaa wa watoto anaowafuata Sista, kwenye darasa la chekechea, kila mtu na wake. Kuna baba ambaye mwanawe alianguka kutoka kwenye trekta ya miwa. Tunaulizana, tunacheka, tunarudi nyumbani tukiwa wepesi. Hata Baba Mdogo alikuja mara moja, akakaa nyuma, akauliza mtoto wa namna hiyo anaweza kupigiwa ngoma baada ya muda gani.

Sasa nisikilize hapa, maana hili ndilo nililotaka kukuambia tangu mwanzo.

Siku ya hatua ya mpira, timu nzima ilikuwepo. Nilikuwa nampigia Mmbone mipira mepesi, anaidaka, anairudisha, na moyo wangu unapanda. Mara akasimama. Akaweka mpira chini, akainua mkono kama mtoto darasani, akatembea hadi kwangu mbele ya wenzake wote.

"Mama, kinauma."

Nikuambie kilichokuja mdomoni mwangu kwanza? Sauti yako. Ilikuja nzima, na ukali wake. Nikaimeza. Nikamwambia sawa, tukakaa kwenye nyasi, wengine wakaendelea. Nikamuuliza kama hakuogopa kuniambia, mbele ya watu vile. Akanigeukia akanishangaa kabisa.

"Niogope nini?"

Nilitazama upande mwingine ili asione uso wangu.

Tulishuka hatua moja, tukasubiri. Wiki iliyofuata alidaka mipira yote na kichwa kikatulia. Wiki iliyopita alikimbia na wenzake. Juzi Sista alimpima, akamuuliza maswali yake yote, akafunga daftari akasema anaweza kucheza. Jana akasoma. Jumamosi anarudi golini, na nimewaomba wanaume wa kanisa waifunge milingoti magunia yaliyojazwa maganda ya mahindi, hadi tupate kitu bora.

Nimechoka, Baba, lakini ni uchovu mzuri, wa mtu aliyetua kuni. Sina tena ugomvi nawe. Nitapita hapo kesho na jembe kung'oa magugu, na nitakusalimia kwa jina lako lote, pamoja na lile la utani ulilolichukia.

Ahadi yangu ni hii. Mtoto yeyote kwenye uwanja wako akiniambia kichwa kinauma, nitamwamini siku hiyohiyo, hata kama ni fainali, hata kama ni uongo. Pumzika, mwalimu wangu. Mimi nimeamua kuamini kwamba hata wewe ungeniamini, kama ningesema.

Binti yako,
Imali