Meza za Bure Guildford

Shikamoo kaka seremala, pole na randa!

Hapa Sydney nimefikia kwa Mama Furaha, Mkongomani wa mtaa wa Guildford. Aliniuliza kazi yangu, nikamwambia mimi na wenzangu tunatunza hifadhidata: tunatengeneza meza za kupangia taarifa kwenye kompyuta, na dunia nzima inazitumia bure. Yeye akasikia "meza" na "bure" tu.

"Mungu asifiwe! Ya kwangu iko natikisika!"

Jumapili akatangaza kanisani, na leo uani kwake pamejaa meza mbovu. Nikajitetea kwamba kwetu sisi anayegundua kasoro ndiye anayeirekebisha.

"Sawa. Mguu gani mbovu?"

Nikauonyesha, mjinga mimi. Akanikabidhi nyundo.

Msalimie wifi, Mungu awalinde. Ukiipata kadi hii nipigie: gundi au msumari?

Mdogo wako,
Zuhura